Nikiacha pombe, nitabaki kuchekesha?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mchekeshaji wa jukwaani, huu ni mwaka wa tisa. Ni mnene tangu utotoni. Mzaha wangu wa kwanza niliutoa darasani nikiwa na miaka 10: kiti kilinivunjikia, nikaona darasa zima linavuta pumzi ili linicheke, nikawawahi. Nikasema kiti ndicho kiombewe, mimi ni mzima. Tangu siku hiyo nikawa mtu. Hadi leo nusu ya onyesho langu ni tumbo langu, na mzaha unaopendwa kuliko yote ni wa jeneza langu, kwamba wabebaji watafanya kwa zamu.

Kabla ya kupanda jukwaani huwa nakunywa. Zamani zilikuwa bia mbili za kuondoa woga. Sasa ni pombe kali, nusu ya chupa kubwa kila siku, hata siku ambazo sina kazi, na kwa miezi mitano hivi naamka mikono ikitetemeka mpaka nizimue. Usiku natumia vidonge vya usingizi anavyonipa rafiki. Nikijitazama kwenye kioo nakunywa. Nikinywa nakula usiku peke yangu. Nikiamka siwezi kujitazama.

Nimesikia wachekeshaji wakubwa wakisema kicheko ndicho kilichowaponya: walipanda jukwaani, wakaanika kila kitu, wakashuka wazima. Nami nimeandika onyesho zima kuhusu mwili wangu na ulevi. Nimepanga kuacha vyote Ijumaa ijayo, pombe na vidonge, bila kumwambia mtu. Onyesho ni Jumamosi ya wiki inayofuata. Nikifa kabla ya hapo, ule mzaha wa jeneza utakuwa umetimia, ha ha. Je, njia hii itanifaa? Nifanye kwanza upasuaji wa kupunguza tumbo ili nimalize mzizi wa aibu? Na nikiacha pombe, nitabaki kuchekesha? Mwenzangu anasema nikiwa sijanywa sichekeshi hata mezani."

Marahaba, ndugu yangu. Kabla ya jukwaa, kioo na kicheko, tuzungumze kuhusu hiyo Ijumaa. Usiache ghafla. Najua inashangaza mshauri wa waraibu kumwambia mtu asiache pombe, lakini katika barua yako yote hilo ndilo jambo linaloweza kukuua wiki hii, nalo umeliandika kwa furaha kama mtu anayetangaza harusi.

Pombe hupoza ubongo. Huipa nguvu kemikali ya kutuliza iitwayo GABA, na huidhoofisha glutameti, ambayo kazi yake ni kuchangamsha. Ukinywa kila siku kwa miezi, ubongo haukai kimya. Unajirekebisha: unazidi kuwa mgumu kwa ile breki na unaongeza mafuta, ili uweze kusimama na kuongea ukiwa umelewa. Ndiyo maana nusu chupa haikuangushi tena. Sasa siku unapoondoa pombe ghafla, breki imekatika huku mguu bado umekanyaga mafuta. Kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio huanza ndani ya saa 24 za mwanzo. Degedege linaweza kuja ndani ya saa 48. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi ya watu hupata weweseko kali: homa inapanda, mtu hajui yuko wapi, anaona vitu visivyokuwepo ukutani. Bila matibabu, weweseko hilo huua. Kwa hesabu yako ya Ijumaa, hatari ingekukuta kuanzia Jumamosi hadi Jumanne, ukiwa umejifungia ndani peke yako.

Mikono inayotetemeka asubuhi mpaka uzimue ni ushahidi kwamba mwili wako umeshafika huko. Si suala la moyo mwepesi au nia dhaifu. Na vile vidonge vya rafiki vinaongeza uzito, kwa sababu dawa nyingi za usingizi hukanyaga breki ileile. Kuzitumia pamoja na pombe kunaweza kusimamisha pumzi usingizini. Kuzikata ghafla pamoja na pombe kunazidisha uwezekano wa degedege. Mpelekee daktari pakiti au kidonge chenyewe akione. Usimwambie tu kwamba unatumia "vya usingizi".

Kwa hiyo, kabla ya Ijumaa hiyo, nenda hospitali ukaseme kwa maneno haya: "Nakunywa nusu chupa ya pombe kali kila siku, natetemeka asubuhi, natumia na vidonge, nataka kuacha." Hadi umwone daktari, usikate ghafla na usiongeze. Atakupima, ataangalia ini, na kwa hali yako nadhani atataka uache ukiwa umelazwa. Kuna dawa za kupoza ubongo ambazo hupunguzwa kidogokidogo kwa siku kadhaa, na utapewa vitamini B1, kwa sababu walevi wengi wanapungukiwa nayo na upungufu huo unaweza kuharibu kumbukumbu moja kwa moja. Kazi hiyo kwa kawaida huchukua takriban wiki moja. Kwa hiyo onyesho la Jumamosi ile liahirishe. Sema unaumwa. Si uongo.

Jambo la pili silipiti. Jeneza limetajwa mara mbili katika barua moja, na mara ya pili halikuwa jukwaani. Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba "ha ha" ya mwisho wa sentensi mara nyingine ni komeo la mlango. Basi nakuuliza waziwazi: je, umekuwa ukifikiria kujiua, au kutamani usiamke? Watu huogopa kuuliza swali hili wakidhani linapanda wazo ambalo halikuwepo. Halipandi. Jibu likiwa ndiyo, hata ndiyo ya kusitasita, mwambie mwenzako usiku huu, mwambie na daktari siku hiyohiyo, na vile vidonge vitoke ndani ya nyumba.

Sasa tuje kwenye kicheko.

Imani kwamba kicheko kinaponya ina ukweli ndani yake, na ukweli huo una mipaka. Mwaka 2011 Robin Dunbar wa Oxford na wenzake walipima watu uwezo wa kuvumilia maumivu kabla na baada ya kucheka. Waliocheka kwa dhati, hasa wakiwa pamoja na wengine, walivumilia zaidi. Maelezo yao ni kwamba kule kusukuma pumzi mfululizo kunaufanya mwili utoe endofini, dawa zake wenyewe za maumivu. Kwa hiyo ukumbi mzima unapocheka, kitu cha kweli kinatokea ndani ya miili ya watu. Lakini tazama kilichopimwa: uvumilivu wa maumivu, kwa muda mfupi. Hiyo ni ganzi. Ganzi ina faida yake, hakuna anayeng'olewa jino bila hiyo, ila haijawahi kuziba jino.

Tena, katika chumba kile anayecheka ni hadhira. Wewe unafanya kazi. Wewe unapata kitu kingine, yaani kukubaliwa na watu mia mbili ndani ya sekunde tatu, na zawadi inayokuja haraka namna hiyo inapita njia zilezile za dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha, ambazo pombe imezoea kupita. Halafu taa zinazimwa. Wachekeshaji niliowahi kuketi nao hawaniambii habari za hofu ya kabla ya onyesho tu. Wananiambia zaidi habari za ile saa moja baada ya onyesho, mtu yuko kwenye gari peke yake, masikio bado yanavuma. Saa hiyo ndiyo inayomimina pombe kwenye glasi. Ukipanga kuacha kunywa, ipangie saa hiyo kabla hujapanga mzaha hata mmoja: nani atakuwa nawe, mtaondoka kwa njia gani, mtaongea nini mpaka mwili utulie.

Umesema wachekeshaji wakubwa waliponywa na jukwaa. Hebu tutazame mpangilio wa mambo, kwa maana kinachosimuliwa jukwaani hukatwa mwanzo na mwisho. Richard Pryor, mchekeshaji wa Marekani, aliungua vibaya Juni 1980 katika kisa cha kokeini, na baadaye akakisimulia jukwaani kwa namna ambayo wachekeshaji wa dunia nzima bado wanaisoma. Katikati ya moto na maikrofoni zilikuwepo wiki nyingi za kitanda cha hospitali. Alianza na wauguzi. Wala sikwambii kwamba baada ya onyesho lile maisha yake yalinyooka. John Mulaney aliingia kwenye matibabu ya uraibu Desemba 2020. Onyesho lake lililorekodiwa kuhusu kisa hicho lilitoka mwaka 2023. Wewe umejipa siku nane.

Upande mwingine wa orodha wapo ambao hawakupata nafasi ya kusimulia. John Belushi alikufa Machi 1982 kwa heroini na kokeini, akiwa na miaka 33. Chris Farley, ambaye alimhusudu Belushi na ambaye mwili wake mnene ndio uliokuwa nusu ya mzaha wake, alikufa Desemba 1997, dawa za kulevya tena, umri uleule wa miaka 33. Watu hawa hawakukosa kicheko. Kama kicheko peke yake kingekuwa dawa, hakuna waliokuwa na akiba kubwa kuliko wao.

Kwa hiyo swali si kama unachekesha. Swali ni kicheko chako kinamfanyia nini mtu aliyemo ndani yako. Mwaka 2003 mwanasaikolojia wa Kanada, Rod Martin, na wenzake walitengeneza kipimo kinachogawa ucheshi katika mitindo minne. Upo unaowaunganisha watu. Upo unaomwinua mwenyewe, yaani mtu kuona upande wa kuchekesha wa shida yake hata akiwa peke yake chumbani. Upo unaowapiga wengine. Na upo unaompiga mwenyewe ili wengine wafurahi. Tafiti nyingi zilizofuata zimekuta mtindo wa pili unaandamana na afya njema ya akili, na wa nne unaandamana na huzuni, wasiwasi na kujidharau. Kuandamana si kusababisha. Huenda mwenye huzuni ndiye anayejipiga zaidi. Lakini ukiusikiliza mzaha kwa nje, wa pili na wa nne unaweza kuwa mzaha uleule, neno kwa neno. Tofauti iko kwenye kazi unayoupa.

Nikupe kipimo changu, ambacho hakijachapishwa popote. Uchukue mzaha wa jeneza. Fikiria umeusema na ukumbi umenyamaza kabisa, hakuna hata mmoja aliyekohoa. Je, unaweza kwenda nyumbani ukalala bila chupa? Kama ndiyo, mzaha huo ni mali yako, utumie utakavyo. Kama ukimya ule ungekuambia kwamba walichokuwa wakikifikiria juu yako ni kweli, basi hilo lilikuwa ombi uliloliviringisha kwenye panchi, ile sentensi ya mwisho inayochekesha, ukiwaomba watu usiowajua wakuruhusu kuwa na mwili.

Simdharau mtoto wa miaka 10 aliyesema kiti kiombewe. Nilicheka niliposoma, tena kwa sauti. Alikuwa na sekunde moja, hakuwa na mtu wa kumtetea, akapata njia ya kuigeuza dhihaka kuwa makofi. Ni akili kubwa ile. Shida ni kwamba njia iliyomwokoa mara moja ikawa kazi ya maisha. Hannah Gadsby, mchekeshaji kutoka Tasmania, alilieleza hili katika onyesho lake lililotolewa mwaka 2018, alipotangaza kwamba ameacha kujidhihaki. Hoja yake ilikuwa ya kifundi: mzaha una sehemu mbili, mwanzo na katikati, kwa sababu unahitaji kukaza kamba na kuiachia; kisa kina sehemu tatu, yaani mwanzo, katikati na mwisho. Ukisimulia jeraha kwa mzaha tu, mwisho wake unakatwa, na ukikirudia kisa kilichokatwa mara elfu, kumbukumbu yenyewe inaganda pale ulipokatia. Wewe umekuwa ukisimulia kiti kwa miaka mingi. Tutakirudia.

Tutenganishe sasa vitu viwili ambavyo lugha yetu huvichanganya. Hatia inasema "nimefanya vibaya". Aibu inasema "mimi ni mbaya". Hatia ina mlango wa kutokea: unaomba radhi, unarekebisha, unarudi. Aibu haina mlango, ina shimo la kujifichia tu. June Tangney na watafiti wenzake wamelifuatilia hili kwa miaka, na wanakuta watu wanaoelekea aibu ndio wenye matatizo zaidi ya pombe na dawa, wakati wanaoelekea hatia mara nyingi hawana. Mzunguko uliouandika, kioo, pombe, kula gizani, kioo, ni mzunguko wa aibu wa kiada. Pombe inazima jicho linalokutazama. Usiku unafanya jambo ambalo asubuhi linalipa jicho lile sababu mpya. Na kila kipande kinafanyika sirini, ndipo aibu inapostawi.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda kuwasimulia watu wa jukwaa. Mwaka 2013 Daniel Randles na Jessica Tracy waliwarekodi kwa video watu walioacha pombe karibuni, wakizungumzia mara ya mwisho walipokunywa wakajisikia vibaya. Kisha wakafuatilia nani alirudi kunywa. Waliyoyasema kwa mdomo kuhusu aibu yao hayakutabiri kitu. Mwili ndio uliotabiri: mabega yaliyolegea, kifua kilichoingia ndani. Waliozidi kuonyesha hivyo ndio waliozidi kurudi, na waliporudi walikunywa zaidi. Ninakutajia hili kwa sababu wewe una mdomo hodari kuliko watu wote. Unaweza kusema "naupenda mwili wangu" mbele ya watu elfu na ukapigiwa makofi, huku mabega yanasema mengine. Usijipime kwa maandishi ya onyesho lako.

Kuhusu upasuaji: aibu haina mzizi tumboni. Ulipokuwa na miaka 10 haukuwa uzito uliokuumiza, yalikuwa macho. Na wale wanaodhani kumwaibisha mtu mnene kunamsaidia apungue wana ushahidi dhidi yao. Utafiti wa Angelina Sutin na Antonio Terracciano wa mwaka 2013, uliofuatilia maelfu ya watu wazima Marekani, ulikuta waliobaguliwa kwa uzito wao walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili na nusu wa kuwa wanene kupita kiasi miaka iliyofuata. Upasuaji wenyewe ni tiba halali na umewasaidia wengi. Kwako, sasa hivi, ni hatari. Ule unaounganisha sehemu ndogo ya tumbo moja kwa moja na utumbo unafanya pombe iingie kwenye damu haraka zaidi, na utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha matatizo ya pombe yakiongezeka katika mwaka wa pili baada ya upasuaji huo. Daktari mwaminifu atakuambia umalize kwanza habari ya pombe. Usianze pia kujinyima chakula wiki unayoacha kunywa. Vita viwili kwa wakati mmoja hushindwa vyote. Ila kule kula kwingi usiku, sirini, mpaka tumbo liume, kutaje kwa daktari kwa jina lake, maana nako kuna tiba yake na si ulafi.

Je, utabaki kuchekesha? Jibu la kweli ni kwamba mwanzoni huenda utachekesha vibaya, na ninataka ujue sababu ili usiikimbilie chupa ukidhani kipaji kimekufa. Ubongo huhifadhi jambo pamoja na hali uliyokuwa nayo ulipolijifunza. Majaribio ya mwaka 1969 yalionyesha kwamba baadhi ya mambo waliyojifunza watu wakiwa wamelewa waliyakumbuka vizuri zaidi wakilewa tena kuliko wakiwa wazima. Wewe umejifunza kazi hii yote ukiwa umekunywa: pumzi zako, mahali pa kunyamaza, mahali pa kumgeukia mtu wa mstari wa mbele. Siku ya kwanza ukipanda mkavu, miguu itakuwa ya mgeni. Hicho ni kifaa kinachotafuta mahali pake papya, na dawa yake ni mazoezi: kumbi ndogo, dakika tano, mara nyingi, hakuna kurekodiwa.

Kisha fanya jambo ambalo hutalipenda. Tafuta rekodi zako za mwaka wa pili, wa bia mbili, uzisikilize sambamba na za mwezi uliopita. Pombe huharibu kwanza ule uwezo wa kujua kwamba umeharibika. Wengi wanaofanya zoezi hili wanagundua kwamba miaka ya karibuni wamekuwa wakirudia, wanachelewa nusu sekunde, na hadhira inawacheka kwa mazoea. Na mwenzako aliyesema huchekeshi mezani, usimchukie. Huenda amezoea mtu mmoja na anamkumbuka. Au huenda ndiye shahidi wa kwanza kwamba mezani umechoka. Mpeleke kwa mshauri nanyi mkae wote. Familia ya mlevi nayo imejifunza kucheza mchezo fulani.

Baada ya wiki ya kutoa pombe mwilini ndipo tiba inaanza, na hapa una uchaguzi. Kupunguza tu, kwa mtu anayetetemeka asubuhi, sikushauri. Wachache hufaulu, na wengi hurudi palepale ndani ya miezi. Kuacha kabisa ndiko salama. Zipo dawa: naltreksoni hupunguza ile raha ya kunywa, na haifai kwa anayetumia dawa za jamii ya afyuni, akamprosati husaidia ubongo uliochafuka utulie, disalfiramu hukufanya uumwe ukinywa, na inafaa zaidi kama kuna mtu anayekusimamia kuimeza. Hakuna hata moja inayofanya kazi yote. Mshauri wa ana kwa ana atakusaidia kuvunja mzunguko wa kioo. Na kuna vikundi vya waraibu wa pombe, vile vya Alcoholics Anonymous (AA) vilivyoanza Marekani mwaka 1935. Mapitio makubwa ya tafiti ya mwaka 2020 yalikuta kwamba kwa upande wa kuacha kabisa, njia hiyo inafanya vizuri sawa na tiba nyingine za mazungumzo, mara nyingine zaidi.

Nina sababu yangu ya kukusukuma huko. Katika vikundi hivyo watu hucheka sana. Mgeni hushtuka. Mtu anasimulia alivyoficha chupa ndani ya tangi la choo mpaka maji yakakataa kushuka, na chumba kinaanguka kwa kicheko, kwa sababu watu saba kati ya kumi na wawili waliomo waliwahi kuficha palepale. Hakuna anayecheka kwa kuwa yeye si kama yule. Wanacheka kwa kuwa wao ni yule. Hicho ndicho kicheko ninachokiamini kwenye kazi hii, na hakuna kiingilio, hakuna taa, na ukimaliza kusimulia hakuna anayekuuliza utarudi lini jukwaani. Kaa hapo miezi. Sema vibaya. Sahau panchi. Kikiwepo cha kupeleka ukumbini baadaye, kitajileta chenyewe.

Ukianguka ukanywa katikati ya njia, rudi kwa daktari siku hiyohiyo, usisubiri kujitakasa kwanza. Na kabla ya kulazwa au baada ya kutoka, ukipatwa na degedege, homa na kuchanganyikiwa, kuona au kusikia visivyokuwepo, kutapika kusikokoma, au wazo la kujidhuru, hiyo ni dharura. Asikuache mtu peke yako, upelekwe hospitali saa hiyo, na anayekupeleka aseme bila kuficha kwamba ni pombe na vidonge.

Ukishatulia, wiki ya tatu hivi, chukua daftari, si la maonyesho, jingine. Andika kisa cha kiti kuanzia mwanzo. Usinichekeshe. Najua walivyocheka, hilo umeshalisimulia miaka yote hii. Ninachotaka ni kilichofuata: kengele ilipolia, ulipookota vipande au alipoviokota mwingine, njia ya kurudi nyumbani. Jioni ile ulimwambia nani?